Pikapu ya Kuvuta Tela: Tuulize Kabla ya Kutoa Fedha

Mwezi huu tunaomba utuvumilie tukizungumza habari ya magari. Huenda ukasema hayo ni mambo ya akina baba. Lakini siku hizi akina mama wengi tunanunua magari: mmoja kwa biashara ya nafaka, mwingine kwa mradi wa kuku, na wengine kwa pamoja katika kikundi. Na hata pale baba anapokwenda yadi peke yake, fedha alizobeba mfukoni ni ada za watoto na akiba ya jikoni. Zikipotea, hasara haimchagui mtu ndani ya nyumba.

Tutazungumzia hasa pikapu iliyotumika, inayonunuliwa ili ivute tela. Gari dogo la kwendea kazini likiwa limechoka litakusumbua tu njiani. Pikapu iliyochoka breki, nyuma yake ikiwa na tani nzima ya maji katika mteremko kama wa Kitonga, inaweza kuua dereva na watu wasiohusika. Kwa hiyo hapa hatuulizi bei peke yake.

TUJUE KWANZA TUNATAKA KUVUTA NINI

Ukifika yadi, muuzaji aghalabu ataanza kwa kuuliza, "Mama, una shilingi ngapi?" Usimjibu upesi. Swali la kwanza ni letu wenyewe, nalo tulimalize nyumbani: mzigo wetu una uzito gani?

Hesabu si ngumu. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Tangi la lita 1,000 likijaa ni kilo 1,000, yaani tani moja. Tela yenyewe ya chuma, tuseme ina kilo 300. Jumla ni kilo 1,300. Kwa mama wa nafaka, magunia 10 ya kilo 100 kila moja ni tani moja pia, kabla ya kuongeza uzito wa tela.

Sasa kuna uzito wa aina mbili ambao watu huuchanganya. Upo ule ambao pikapu inaweza kuubeba mgongoni, na upo ule ambao inaweza kuuvuta. Muuzaji akikuambia, "Hii inabeba tani moja," bado hajajibu swali la kuvuta. Kiwanda huweka kikomo cha kuvuta kwa kila aina ya gari, na kikomo hicho huandikwa katika kitabu cha mwongozo. Kikomo cha tela yenye breki zake yenyewe huwa kikubwa kuliko cha tela isiyo na breki. Katika nchi za Ulaya, mathalani, tela yenye uzito unaozidi kilo 750 hutakiwa iwe na breki zake. Hiyo ni sheria ya kwao, lakini mlima ni mlima popote, na breki za gari moja zina mwisho wa nguvu zake.

Jambo lingine ni ndoano. Tela hukandamiza ndoano ya kuvutia, na mafundi hukadiria kwamba sehemu ya kumi hivi ya uzito wa tela hulala hapo. Tela yetu ya kilo 1,300 itaweka kama kilo 130 juu ya ndoano, sawa na watu wazima wawili. Kilo hizo huhesabiwa katika mzigo wa pikapu yenyewe. Kama tayari umejaza magunia mgongoni, gari limezidiwa ingawa macho hayaoni. Na ukipanga mzigo wote nyuma ya tela, ndoano huinuka badala ya kukandamizwa, na tela huanza kuyumba kulia na kushoto hadi imtoe dereva barabarani.

Andika hesabu hizi katika karatasi uende nayo yadi. Utaona baadaye itakavyokusaidia.

MANENO YA YADI NA MAANA YAKE

Si kila muuza magari ni mwongo, wapo waaminifu wengi. Lakini kuna maneno yanayorudiwa mno, na yafaa tuyazoee.

"Imetembea kilomita elfu themanini tu." Mita ya kilomita hurudishwa nyuma, na kazi hiyo haimchukui fundi muda mrefu. Tazama mpira wa kikanyagio cha klachi, kiti cha dereva na usukani. Kama vimelika hadi kung'aa, gari limefanya kazi kuliko mita inavyosema. Magari mengi yaliyotumika ya nchini mwetu hutoka Japani, na kila linalotoka kule hupewa cheti cha kusafirishwa nje. Cheti hicho huonyesha namba ya chasisi na tarehe ya usajili wa kwanza, na kwa kawaida huonyesha pia kilomita zilizoandikwa lilipokaguliwa kule. Gari lililopita mnadani huwa pia na karatasi ya mnada yenye alama ya hali yake. Ukiona herufi R mahali pa alama, jua kwamba liliwahi kuumia na kutengenezwa. Omba karatasi hizo. Muuzaji akisema zimepotea, huenda ni kweli, ila hapo bei ishuke na ukaguzi uongezeke.

"Tairi ni mpya hizi." Tairi hupakwa dawa zikang'aa kama viatu vya Jumapili. Tafuta ubavuni tarakimu nne zilizo pamoja. Ukisoma 2319, maana yake tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyozeeka hupasuka inapotwishwa mzigo kwenye joto, hata kama kashata zake bado ni nene.

"Hii ni dizeli, ina nguvu." Kwenye Hilux za zamani kutoka Japani, herufi za mwanzo za namba ya chasisi husema ukweli. Zinazoanza na LN zilitoka kiwandani na injini ya dizeli, na zinazoanza na YN au RZN zilitoka na injini ya petroli. Kama chasisi inasema hivi na chini ya boneti mna kingine, injini ilibadilishwa. Hilo si kosa lenyewe, lakini kadi ya gari nayo iseme hivyo.

"Kuna mteja mwingine anakuja saa nane mchana." Neno hili ndilo linalotoa fedha nyingi mikononi mwa watu. Tumjibu kwa upole, "Basi na aje." Pikapu si ya mwisho duniani.

"Chukua kama ilivyo." Hapa simama kabisa. Tutaeleza sababu tutakapofika kwenye sheria.

TULIPIME GARI KAMA MGONJWA

Sisi tuliosomea uuguzi tulifundishwa kwamba mgonjwa hapewi dawa kwa kutazamwa uso. Hupimwa joto, hutazamwa ulimi, huulizwa historia yake. Gari nalo ni vivyo hivyo. Nenda na fundi wako mwenyewe, mtu usiyeelekezwa na muuzaji, na umlipe ujira wake hata kama gari halitanunuliwa. Fundi anayelipwa gari likinunuliwa tu ana sababu ya kukwambia ni zima.

Nenda asubuhi na mapema, injini ikiwa bado baridi. Gusa boneti. Kama ni ya moto, uliza kwa nini liliwashwa kabla hujafika, kwa maana injini yenye shida ya kuwaka hupashwa joto mapema ili ifiche ugonjwa. Kisha iwashwe, na utazame moshi. Moshi mweusi mzito ni mafuta yasiyoungua vizuri. Moshi wa bluu ni oili inayoungua ndani ya injini. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto waweza kuwa maji yanayoingia mahali yasipotakiwa. Fundi afungue kifuniko cha oili. Akikuta utando wa rangi ya maziwa chini yake, atafute kama maji na oili vinachanganyika. Rejeta ifunguliwe ikiwa baridi tu. Tumewahudumia wodini watu waliobabuka uso kwa kufungua rejeta ya moto, na kidonda chake si cha kusimulia.

Kwa gari la kuvuta, kuna sehemu zinazochoka kabla ya nyingine. Klachi ni ya kwanza. Gari likiwa tambarare na mbele pakiwa wazi, fundi aweke gia ya tatu na aachie klachi taratibu. Klachi nzima itazima injini. Injini ikiendelea kunguruma na gari halisogei, klachi inateleza. Kisha alale chini atazame chasisi, hasa nyuma, kama kuna ufa, kutu inayobanduka au mahali palipochomelewa upya na kupakwa rangi nyeusi. Atazame springi za nyuma kama zimelala. Atazame ndoano imefungwa wapi. Ndoano ya kuvutia hufungwa kwa boliti kwenye chasisi, haichomelewi kwenye bampa. Na aulize mkanda wa timing ulibadilishwa lini, kwa injini zinazotumia mkanda, maana ukikatika njiani waweza kuivunja injini kwa ndani.

Mwisho lije jaribio lenyewe. Peleka tela yako yadi, ikiwa na mzigo uleule ulioandika kwenye karatasi. Gari livute, lipande mlima, lisimame katikati ya mlima na kuondoka tena, kisha lishuke kwa gia nzito. Nusu saa yatosha. Tazama mshale wa joto. Gari bovu laweza kuzunguka mtaani siku nzima bila mzigo pasipo kuonyesha dalili, kama mtu mwenye ugonjwa wa moyo anavyojiona mzima hadi apande ngazi.

YALIYOKIPATA KIKUNDI CHETU

Haya hatuyasemi kwa kusoma tu. Kikundi chetu cha akina mama wa kanisa kina wanachama 12. Karibu na kituo cha afya tunakojitolea kuna nyumba ndogo ambamo akina mama wajawazito kutoka vijiji vya mbali hukaa wakisubiri siku zao. Wakati wa kiangazi bomba hukauka, na kisima kilicho karibu kiko kilomita sita. Tulipewa tela yenye tangi la lita 1,000, lakini hatukuwa na cha kuivuta. Tukaweka akiba miaka miwili, shilingi kwa shilingi.

Tulipata pikapu nzuri kwa macho katika yadi moja. Muuzaji alitaka arubuni ya shilingi 1,000,000 ili asiiuze kwa mwingine. Tulikubali kwa sharti moja, likaandikwa na kutiwa sahihi naye: kwamba gari ni la kuvuta tela yenye uzito wa kilo 1,300, na kwamba arubuni itarudishwa yote iwapo gari halitafaulu jaribio la kuvuta.

Siku ya tatu tulirudi na tela iliyojaa. Fundi wetu aligundua mara moja kwamba betri mpya tuliyoiona mwanzo imeondolewa na kuwekwa kuukuu, na tairi ya akiba nayo si ileile. Tulikuwa tumeziandika namba zake, kwa hiyo hapakuwa na ubishi mrefu, zikarudishwa. Lakini kilomita nne barabarani, kwenye kilima, mshale wa joto ulipanda hadi mwisho, na maji yakaanza kutokota.

Muuzaji alisema, "Gari ni zima, nyinyi mmezidisha mzigo." Tulipomwonyesha uzito ulioandikwa kwenye karatasi yake, alibadili wimbo: "Arubuni hairudi."

Tulikwenda mara nne. Katika majuma hayo mambo mawili yalituumiza. La kwanza, mwenzetu mmoja mjane alikuwa na mchango wake humo, na shule zilikuwa zinafunguliwa. La pili, mume wa mwingine alianza kusema kwamba fedha zimeliwa na wanakikundi, na amani ya nyumba hiyo ikatikisika. Alimletea mume wake nakala ya karatasi, akaisoma mwenyewe, akawa ndiye wa kwanza kufuatana nasi kwenda yadi. Wakati huohuo akina mama wenye mimba ya miezi minane walikuwa wakisimama foleni na ndoo.

Hatimaye tulimwandikia barua, tukaambatanisha nakala ya makubaliano, tukampa siku 14, na kumweleza kwamba baada ya hapo tutapeleka malalamiko mbele. Alilipa shilingi 600,000 siku ya kumi na tatu, na zilizobaki baada ya mwezi mwingine. Tunaamini bila ile karatasi tusingepata hata senti. Pikapu tunayotumia sasa ni ya zamani kuliko ile na rangi yake imepauka, lakini ilivuta tangi letu hadi juu ya kilima kabla hatujatoa shilingi moja, na mjane yule ndiye mtunza hesabu wa safari zake.

KARATASI NA SHERIA

Sasa turudi kwenye neno "kama ilivyo". Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214. Ndani yake kuna kanuni inayomfaa sana mnunuzi. Ukimweleza mfanyabiashara shughuli unayoitakia bidhaa, ukaonyesha kwamba unategemea ujuzi wake, na bidhaa hiyo ni ya aina anayouza katika biashara yake, sheria huchukulia kwamba anapaswa kukupa bidhaa inayofaa kwa shughuli hiyo. Lakini kanuni hii ina mipaka. Haikusaidii ukiagiza aina fulani ya gari kwa jina lake tu pasipo kueleza kazi yake. Na pande mbili zikikubaliana wazi kwamba gari linachukuliwa kama lilivyo, kinga yako yaweza kuondoka. Ndiyo maana tunasema kazi ya gari iandikwe: "Ni la kuvuta tela ya kilo kadhaa." Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko ahadi nyingi za mdomo.

Fahamu pia kwamba sheria haimlindi sana aliyelikagua gari kuhusu kasoro ambazo ukaguzi huo ulipaswa kuzifichua. Basi ukikagua, kagua kweli, na kasoro utakazoziona ziandikwe pamoja na nani atakayezitengeneza.

Tazama kadi ya gari ya asili, siyo nakala. Kadi hutolewa na Mamlaka ya Mapato, TRA, na huko ndiko umiliki huhamishiwa. Linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma na ile ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Kama jina la kwenye kadi si la muuzaji, mwenye jina aje mwenyewe au aonyeshe idhini ya maandishi. Kama kadi ya asili haionekani, uliza kama haijawekwa dhamana kwa mkopo. Kuendesha gari miaka kadhaa kwa jina la mtu mwingine ni kulala katika nyumba isiyo yako.

Fedha zilipwe kwa njia ya benki au kwa stakabadhi, hata arubuni. Na mambo yakiharibika, iko Tume ya Ushindani, FCC, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo kazi yake mojawapo ni kumlinda mlaji. Mahakama nazo zipo. Lakini kote huko utaulizwa neno moja: karatasi iko wapi?

JINA LA NANI?

Hili huwa halizungumzwi mezani, nalo lafaa lizungumzwe kabla ya kwenda yadi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kuuza mali. Sheria hiyo husema pia kwamba mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja wa wanandoa huchukuliwa kuwa ni yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo, na iliyo kwa majina ya wote wawili huchukuliwa kuwa ni yao kwa usawa. Kwa hiyo mama uliyetoa nusu ya fedha, jina lililo kwenye kadi si jambo dogo. Si kwamba tumshuku mwenzi. Mauti na maradhi hayabishi hodi, na tumewaona wajane wakinyang'anywa gari walilolinunua kwa jasho lao kwa sababu hapakuwa na maandishi ya kuwatetea.

Kwa kikundi, makubaliano yaandikwe: gari ni la nani, dereva ni nani, mafuta na matengenezo yanatoka wapi, na mwanachama akitoka au akifariki mchango wake unakwendaje. Tengeni pia fungu la matengenezo ya mwanzo. Pikapu iliyotumika, hata ikiwa njema, itahitaji oili, breki na mikanda katika miezi ya kwanza, na anayemaliza fedha zote kwenye bei hubaki na gari lililoegeshwa.

Mpendwa mama, usione haya kuuliza maswali mengi yadini. Watakuita msumbufu, lakini ukiondoka hapo na fedha zako hawatakuwa na la kukufanya. Keti na mwenzi wako au kikundi chako jioni ya leo, mpige hesabu ya uzito wa mzigo wenu, muiandike, na kila mmoja awe na nakala. Mungu abariki kazi ya mikono yenu. Tukutane mwezi ujao.